Nyumba Isiyopika Nyama na Mbwa Aliyehamia Jana

Nyumba ikiacha kupika nyama, majirani wanaguna. Nyumba hiyo hiyo ikichukua mbwa, wanacheka kabisa: atakula nini, mchicha? Swali ni la haki. Kinachonishangaza ni kwamba yule anayekuambia chakula kisicho na nyama hakimtoshi binadamu ndiye huyo huyo atakayekuambia makombo ya chakula hicho yanamtosha mbwa. Yote mawili si kweli, na hilo la pili ndilo linalopeleka mbwa kwa daktari.

"Kula bila nyama, maziwa wala mayai ni mambo ya Wazungu"

Aliyekulia Mombasa, Lamu au Unguja amekula mbaazi za nazi na mahamri tangu hajang'oa jino la utoto. Mahamri yakikandwa kwa tui, hamira, sukari na iliki, hayana kitu cha mnyama ndani yake. Jioni kuna viazi karai, vile vinavyochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, na chatini ya ukwaju pembeni. Bara kuna makande, githeri, mukimo, kisamvu kilichoungwa kwa karanga. Waethiopia wa Kanisa la Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai kila Jumatano na Ijumaa, na siku 55 nzima kabla ya Pasaka yao. Ingia mgahawa wa Kihabeshi Nairobi uagize chakula cha mfungo, utaletewa sinia la injera lenye dengu, kabichi na shiro, wala hakuna atakayekuuliza kama unaumwa.

Kinachokwamisha ni vitu vidogo: kijiko cha samli kwenye chapati, maziwa yaliyotiwa kwenye mboga ili ilainike, dagaa wawili watatu wa kuleta ladha, na vile vidonge vya mchuzi vyenye mafuta ya kuku. Soma maandishi ya pakiti kabla hujatia.

"Bila nyama hakuna protini, na maharage lazima yaliwe na wali sahani moja"

Gramu 100 za maharage makavu zina zaidi ya gramu 20 za protini. Hilo la sahani moja lilienea kutoka Marekani mwaka 1971 kupitia mwandishi ambaye miaka kumi baadaye alilirekebisha mwenyewe: mwili hukusanya sehemu za protini unazohitaji kutoka milo ya siku nzima. Ukinywa uji wa mtama asubuhi na ukala kunde usiku, hujakosea.

Pengo la kweli liko kwingine, nalo ni vitamini B12. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 2.4 kwa siku, na hakuna mboga, jani wala mwani wa kutegemewa kuitoa. Meza vidonge au tumia chakula kilichoongezewa. Kwenye hili sina mjadala. Madini ya chuma yapo kwenye maharage na majani, ila chai ya rangi inayonyweka juu ya chakula huyazuia yasiingie mwilini. Kamulia ndimu, kula kachumbari, chai isubiri saa moja.

Maharage mekundu nayo yana sumu yake ya asili. Yaloweke usiku, mwaga maji, kisha yachemke kwa nguvu dakika kumi au zaidi ndipo uyahamishie kwenye moto mdogo au kwenye kikapu cha kupikia, kile kinachotunza joto bila moto. Ukiyapeleka kikapuni hayajachemka sawasawa, yatalainika na bado yatakutapisha. Magadi yanaharakisha kuiva, kweli, lakini yanaua vitamini B1, kwa hiyo kidogo sana au yaache.

"Mbwa atakula tunachobakiza"

Hapa ndipo jiko la mboga linapokuwa hatari kuliko la nyama, kwa sababu sisi tunaunga kila kitu.

Kitunguu maji na kitunguu saumu vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kupika hakuziondoi, na unga wake uliokaushwa una makali zaidi. Kiasi cha gramu 15 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa kinaweza kuanza kuleta madhara: kwa mbwa wa kilo kumi hivyo ni gramu 150, yaani kama kitunguu kimoja na nusu cha kawaida. Si lazima avile kwa mara moja, kwa kuwa mchuzi kidogo kila siku nao hujumlisha. Dalili huja baada ya siku kadhaa: fizi zinapauka, mkojo unakuwa wa kahawia, mbwa anahema kwa kupanda ngazi mbili tu. Ndiyo maana "alikula jana na mbona mzima" si ushahidi wa chochote.

Zabibu kavu, zile za kwenye pilau na biriani, zinaweza kuua figo za mbwa. Kwa muda mrefu hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani walieleza kwamba anayeshukiwa zaidi ni asidi ya tatariki. Mtu wa pwani asome hapo mara mbili, maana ukwaju umejaa asidi hiyo hiyo. Bakuli la chatini lisiachwe kwenye kibaraza.

Gunzi la mahindi halina sumu, lakini halimeng'enywi. Mbwa akimeza kipande, kinaweza kuziba utumbo, na hapo ni kisu cha daktari tu. Donge bichi la mandazi lililotiwa hamira huendelea kuumuka tumboni na kutoa pombe. Makadamia, ambazo Kenya ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani, hulegeza miguu ya nyuma, ingawa wengi hupona ndani ya siku moja au mbili. Habari za parachichi watu huzitia chumvi: hatari yake kubwa ni kwa ndege, mbuzi na farasi. Kwa mbwa shaka ni ile kokwa, na mafuta mengi.

Halafu kuna lile la "unga umeingia ukungu, wapikie mbwa". Nafaka na karanga zilizovunda hubeba sumukuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Mbwa ni mmoja wa wanyama wanaoathirika upesi zaidi, ini linakwisha. Kisichofaa kwako ukitupe. Mbwa si pipa.

"Mbwa ni kama simba, asipopata nyama atakufa" na pacha wake, "ugali na maharage vinamtosha"

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilinganisha vinasaba vya mbwa na vya mbwamwitu. Mbwamwitu ana nakala mbili za jeni inayosaidia kumeng'enya wanga. Mbwa ana kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula pembeni mwa binadamu yamembadilisha. Kwa hiyo ugali anauweza vizuri. Usimchanganye na paka, ambaye bila virutubisho vya nyama anapofuka na moyo unadhoofika.

Lakini kumeng'enya si kupata lishe kamili. Ugali na maharage vina upungufu wa kalsiamu, B12 na vitamini D, na mbwa hawezi kujitengenezea vitamini D ya kutosha kwa kuota jua kama wewe. Chakula cha mimea mitupu kwa mbwa mzima kinawezekana kikiwa kimepangwa na wataalamu na kuongezewa kinachokosekana. Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Uingereza kiliacha kukipinga mwaka 2024. Kwa watoto wa mbwa nisingethubutu.

Msimamo wangu ni huu: mbwa aliyehama jana usimbadilishie dini ya tumbo. Ukimchukua kwenye kituo cha KSPCA, shirika la kulinda wanyama la Kenya, kule Karen, Nairobi, au kwa waokoaji wa mbwa wa Mbwa wa Africa pale Usa River karibu na Arusha, uliza alikuwa anakula nini, kisha endelea na hicho hicho. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi, la sivyo utafagia kuhara. Ikiwa ni dagaa, wapatie sufuria yao na jiko la nje. Mwenye nyumba ndiye aliyeapa kuacha samaki, mbwa hakuwapo kwenye kikao.

"Mfungie mchana, mpe pilipili, atakuwa mkali"

Pilipili inamwasha tumbo, basi. Na mbwa anayeshinda kwenye banda la giza hajifunzi nani mgeni na nani mwizi; anajifunza kuogopa kila kitu, na mwoga ndiye anayeuma mtoto wa nyumbani. Kumtesa mnyama ni kosa kisheria pia: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360 ya sheria zake.

Pacha wa hilo ni lile la kumwonyesha nani bwana: kumlaza chali, kumpokonya bakuli anapokula. Wazo lilitokana na Rudolf Schenkel, aliyechunguza mbwamwitu waliofungiwa pamoja kwenye bustani ya wanyama ya Basel na kuchapisha mwaka 1947. Baadaye David Mech, mtafiti wa mbwamwitu wa Marekani aliyelisambaza kwa kiasi kikubwa, aliandika mwaka 1999 kwamba porini kundi la mbwamwitu ni baba, mama na watoto wao, wala hakuna mapinduzi ya kila siku. Ukimpokonya mbwa bakuli, unamfundisha jambo moja tu, kwamba mkono wako ukikaribia chakula kinaondoka. Fanya kinyume: pita, dondoshea kitu kitamu, endelea na safari yako.

Wengine hutarajia wiki moja iwe imetosha. Siku za mwanzo mbwa wengi hujibana chini ya gari au nyuma ya tangi la maji, hawagusi chakula mpaka taa zizimwe. Watu husema ametulia, ana adabu. Hajatulia, ameganda. Tabia yake halisi huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo viatu vinapotafunwa. Mpe kona moja isiyopitwa na watu, ratiba ileile ya chakula na kutoka, na wageni waje kumwona mwezi ujao. Akikojoa ndani, kumsugua pua kwenye mkojo hakumfundishi chochote zaidi ya kutafuta mahali pa siri pa kukojolea. Na mkia unaotikisika haumaanishi furaha kila mara: ukiwa juu, mgumu, unapiga haraka haraka, rudisha mtoto nyuma.

"Mwislamu haruhusiwi kufuga mbwa"

Si hivyo kwa jumla. Mbwa wa ulinzi, mifugo na kuwinda wameruhusiwa, na Kurani yenyewe, sura ya tano, inahalalisha kula windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Kwa madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, mate yake ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Bakuli lake likae nje na liwe lake peke yake, ugomvi umekwisha.

"Oili chafu inaponya ukurutu"

Haiponyi. Ina sumu, na mbwa huilamba yote. Dawa ya ukurutu ipo kwa daktari.

"Mbwa mwenye kichaa utamjua, anatoka udenda"

Mate ya mbwa yanaweza kuwa na virusi siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote, na wengine huugua kwa kupooza na kunyamaza tu, bila ukali. Karibu asilimia 99 ya watu wanaoambukizwa kichaa cha mbwa huambukizwa na mbwa, ndiyo maana chanjo ni ya kufuatilia wiki ile ile ya kuhamia kama hana kadi. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Akikuuma au kukuparura, usipake pilipili, mafuta ya taa wala jiwe la nyoka. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili ukiangalia saa, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze sindano, hata kama ni mbwa wako na bado mnapendana.