Diski mbili zikigoma, usiamini ile inayozunguka vizuri

Juzi jamaa wa ofisi moja hapa tao alituletea diski mbili zimefungwa kwa gazeti kama nyama ya bucha. Seva yao ni Linux, RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kinaingia diski zote mbili. Stima ikapotea, ikarudi, seva ikakataa kuwaka. Diski moja ilikuwa inalia tik tik, ingine iko sawa kabisa, so akatuambia tumtolee tu faili kwa hiyo nzima.

Hapo ndio watu huchomeka. Hatukugusa kitu kwanza: hakuna fsck (amri ya kurekebisha mfumo wa faili), na hakuna mdadm --create (mdadm ndio programu ya Linux inayosimamia RAID), hiyo amri watu huikopi mtandaoni wakidhani inarudisha RAID kumbe inaandika kichwa kipya (maelezo ya RAID yanayokaa ndani ya diski) juu ya kile cha zamani na inaweza kuanza kusawazisha diski, ikichukua data ya zamani ikaimwaga juu ya ile ya jana.

Tukaanza kunakili ile mbovu, kwa sababu ndio haina muda, kwa ddrescue, programu ya kunakili diski zinazokufa (b.img ndio nakala yenyewe):

ddrescue -d /dev/sdb1 b.img b.map

Inabeba kwanza mahali panasomeka, inaruka panaposumbua, halafu inarudia baadaye. Ile b.map ndio inakumbuka imefika wapi, stima ikienda tena unaendelea hapo hapo. Iandikie diski ingine yenye nafasi, sio hizo mbili. Na kama diski inagonga tu na haisomi chochote, izime uipeleke kwa wenye chumba kisicho na vumbi (na hiyo story ya kuiweka friza achana nayo, inaingiza unyevu).

Nakala zote mbili zikiwa tayari, losetup -r -f --show kwa kila moja (inafanya nakala ionekane kama diski ya kusoma tu, inaitwa loop), kisha mdadm --examine kwa loop zake. Angalia Events (hesabu ya mabadiliko ya RAID) na Update Time (mara ya mwisho ilipoandikwa). Ile diski nzima ilikuwa imebaki Events 48211, ya Machi! Ile ya tik tik ilikuwa 90377, ya siku ile ile stima ilipotea. Ile nzuri ilikuwa imetoka kwa RAID kitambo na seva ikaendelea na moja tu, kwa /proc/mdstat, faili inayoonyesha hali ya RAID, ungeona [U_] (diski moja haipo) badala ya [UU].

Kuisoma sasa ni hesabu kidogo. Data Offset (mahali data inaanzia), ambayo pia iko kwa mdadm --examine, ilikuwa sekta 262144, mara baiti 512 ni 134217728, na kwa kuwa ndani ilikuwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux) moja kwa moja bila LVM, yaani tabaka la kugawa diski:

mount -o ro,noload,loop,offset=134217728 b.img /mnt

Hiyo noload ni muhimu, bila hiyo ext4 inaweza kujaribu kurudia jono yake (daftari la mabadiliko ambayo hayajakamilika), na hivyo kuandika, hata umesema ro, yaani kusoma tu.

Karibu faili zote zilitoka. Tukipekua tukapata pia /var/mail/root: mdadm ilikuwa imetuma onyo tangu Machi, barua kwa barua, na hakuna hata moja ilikuwa imefunguliwa.