Je, Wajua? Kwa Nini Deni Ulilomaliza Kulipa Bado Linaonekana CRB

Mama mmoja anayeuza nguo za watoto katika soko la Kibuye, Kisumu, amenyimwa mkopo mwaka huu kwa sababu ya shilingi 3,000. Alikuwa ameomba benki 60,000 aongeze marobota ya mitumba kabla shule hazijafunguliwa. Afisa akatazama kompyuta, akamwambia, "Mama, jina lako liko CRB." Deni lenyewe alilikopa kwa simu mwaka wa 2019, akakwama, kisha akalimaliza lote mwaka wa 2023. Ujumbe wa malipo bado anao. Akaniuliza swali ambalo nimelisikia Kondele, Ahero, na hata Luanda kwa akina mjomba: "Mwanangu, si nililipa? Mbona jina halitoki?"

Halitoki kwa sababu CRB, yaani Credit Reference Bureau, si orodha ya wadaiwa. Ni daftari la historia ya mikopo. Kila mtu anayekopa benki yumo humo, hata yule mwalimu ambaye hajawahi kuchelewa siku moja, kwa kuwa kanuni za mwaka wa 2013 ziliagiza benki zipeleke habari njema pamoja na mbaya. Kwa hiyo ukiambiwa uko CRB, bado hujaambiwa lolote. Uliza umeandikwaje.

Wanaotunza madaftari haya ni mashirika matatu yenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya. La kwanza lilipata leseni mwaka wa 2010 likiitwa CRB Africa, na leo ni TransUnion. Metropol ikafuata mwaka wa 2011, na Creditinfo mwaka wa 2015. Hakuna hata moja kati yake linalokopesha, wala linaloamua upewe mkopo au unyimwe. Kazi yao ni kuandika walicholetewa na wakopeshaji, na wanakiandika chini ya nambari ya kitambulisho chako. Ndiyo maana kutupa laini ya simu hakusaidii. Tena kunaumiza, na nitaeleza.

Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, huhesabiwa kuwa umekwama. Kabla ya kupeleka habari hiyo mbaya, mkopeshaji anatakiwa kukupa notisi ya siku 30. Notisi hiyo huja kwa namba uliyoiacha kwake. Mama wa Kibuye alikuwa amebadilisha laini mwaka wa 2020 kwa sababu simu za kudai zilikuwa zinamnyima usingizi, na kwa hiyo onyo lake lilienda kwenye laini iliyokufa. Angelipata, angekuwa na mwezi mzima wa kuzungumza na mkopeshaji kabla jina lake halijaandikwa vibaya.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Habari ya deni lililokwama hukaa kwenye kumbukumbu miaka 5, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku unapomaliza kulipa. Yeye alimaliza 2023, kwa hiyo itakaa hadi 2028. Nilipomweleza alikasirika, na simlaumu. Lakini yeye mwenyewe ana daftari la wateja wanaochukua nguo kwa deni. Nikamuuliza: mteja aliyekuzungusha miezi minane akilipa, wewe hufanya nini? Akasema anapiga mstari. Hachani ukurasa. Na akirudi mteja yule kutaka sweta nyingine kwa deni, anaufungua ukurasa ule kwanza. CRB inafanya vivyo hivyo: deni lililolipwa linapigwa mstari, ila ukurasa unabaki.

Binafsi naona kanuni hii ni nzito mno kwa madeni madogo. Aliyechelewa kulipa 3,000 na aliyechelewa kulipa milioni 3 wote wanasubiri miaka ile ile. Nafuu iliyopo ni kwamba tangu mwaka wa 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 haliruhusiwi kuandikwa kuwa limekwama. Palikuwa pia na mpango wa Benki Kuu uliotangazwa Novemba 2022 kwa waliokwama na mikopo ya simu ya benki, watu zaidi ya milioni 4.2 wenye madeni ya takriban shilingi bilioni 30. Benki zilitakiwa kuwasamehe angalau nusu ya deni na kuwarekebishia kumbukumbu zao, mradi walipe sehemu yao. Mpango huo ulifungwa tarehe 31 Mei 2023. Nawajua watu huku kwetu waliousikia baada ya mlango kufungwa, na hilo linaniuma hadi leo.

Basi tukaenda kuitafuta ripoti yake. Hapa wengi hupoteza pesa bure. Cheti cha CRB, kile wanachokimbilia vijana wanaotafuta kazi, kinasema tu kwamba huna deni lililokwama. Cha kwanza ni bure, na cha baadaye kwa kawaida huuzwa 2,200. Ripoti ni kitu kingine, nayo ndiyo unayoihitaji. Una haki ya kupata moja bure kila mwaka kutoka kwa kila shirika, yaani tatu kwa mwaka. Na ukinyimwa mkopo kwa sababu ya yaliyoandikwa humo, unaweza kuomba nyingine bure ndani ya siku 30.

Ndani ya ripoti kuna majina yako, namba za simu, kila mkopo uliochukua, kiasi kilichobaki, siku ulizochelewa, na wakopeshaji waliokuja kukuchungulia. Kuna pia alama, yaani nambari inayopima unavyolipa mikopo. Ya Metropol huanzia 200 hadi 900, na ikiwa chini ya 400 ina maana kuna deni lililokwama. Kila shirika lina hesabu yake, kwa hiyo usishtuke ukiona nambari hazifanani. Mimi husema uiache alama mwisho. Pitia mikopo kwanza, mmoja mmoja, kidole kikifuata mstari, ukijiuliza: huu niliuchukua? Niliulipa? Kiasi ni hicho? Unaweza kukuta mkopo uliokopwa na mtu uliyemwazima kitambulisho asajili laini.

Kwa mama yetu tulikuta jambo ambalo afisa wa benki hakumwambia. Deni lile halikuandikwa kwamba lililipwa kwa kuchelewa. Liliandikwa kwamba halijalipwa kabisa. Mkopeshaji alipokea pesa mwaka wa 2023, akanyamaza, hakupeleka habari. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Aliyechelewa akalipa anaweza kusikilizwa na benki. Ambaye hajalipa hana pa kuanzia.

Akaandika barua ya malalamiko kwa lile shirika, nakala kwa mkopeshaji, akiambatanisha ujumbe wa malipo na nakala ya kitambulisho. Kisheria shirika likipokea malalamiko ya namna hiyo linatakiwa kuweka alama kwamba habari ile inapingwa, kisha limuulize mkopeshaji athibitishe. Ukimaliza kulipa deni lolote, usiondoke bila barua inayosema umemaliza. Kisha baada ya mwezi mmoja au miwili itazame ripoti tena.

Na kama hujalipa, usitishwe na kiasi unachotajiwa kwa simu. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishakwama, riba ambayo benki inaweza kudai haiwezi kuzidi kiasi cha mkopo wenyewe kilichokuwa kimebaki siku ulipokwama. Waliokuwa na deni la 3,000 hawawezi kudaiwa riba ya 10,000 na benki. Omba hesabu kwa maandishi, kisha pendekeza unachoweza kulipa kila wiki kulingana na soko lako.

Kuna watu mitandaoni wanaosema watakutoa CRB kwa 1,500. Tafadhali usiwape. Habari ya uongo utaiondoa mwenyewe kwa malalamiko, na ya kweli hawana uwezo wa kuifuta.

Linalobaki ni kuandika kurasa mpya, na hapa kuna jambo linalonisikitisha zaidi ya yote. Mama huyu yuko kwenye chama cha akina mama kumi na wawili, miaka tisa sasa, na hajawahi kukosa mchango hata wiki aliyofiwa na mumewe. Hakuna hata shilingi moja ya uaminifu huo inayoonekana CRB, kwa sababu chama hakipeleki habari huko. Sacco zenye leseni ziliruhusiwa kupeleka kupitia kanuni za mwaka wa 2020, kwa hiyo nilimshauri ajiunge na moja inayopeleka, akope kidogo na kulipa kwa tarehe. Na asiombe sehemu nne kwa wiki moja, maana kila ombi linaacha alama, na anayeomba kila mahali huonekana amebanwa.

Wiki iliyopita alinionyesha ripoti mpya. Deni la 2019 sasa limeandikwa kuwa limelipwa. Benki haijamjibu. Amekopa 5,000 kwenye sacco, na tarehe ya kulipa ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la lile daftari la wateja wake.