Somo la muziki huhaririwa kwa masikio

Rasimu ya kwanza niliyowahi kuikataa ilikuwa imeandikwa vizuri mno. Sarufi safi, aya fupi, picha za kupendeza. Lilikuwa somo la zeze la Kigogo kwa wanafunzi wa sekondari, litakalowekwa mtandaoni, na mwishoni mwake palikuwa na kitufe cha kusikiliza ngazi ya sauti ya Wagogo, yaani mfululizo wa noti ambazo muziki wao umejengwa juu yake. Mwandishi alikuwa ameirekodi kwa kinanda cha umeme.

Siku hiyo alikuwepo ofisini kwetu, hapa Dodoma mjini, mzee mmoja wa kutoka Chamwino aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Tukamwamkia, tukampa kiti, tukamwomba asikilize. Akasikiliza, akaomba tumrudishie, akacheka kwa adabu, halafu akaiimba mwenyewe polepole. Alipofika sauti ya nne, yake ilikaa chini kidogo ya ile ya kinanda. Kidogo tu, ila hakuna aliyekuwa mle chumbani ambaye hakuisikia.

Tofauti ile haikutokana na uzee wala koo kukauka. Inahesabika. Uzi ukitetema mara 100 kwa sekunde, ndani ya sauti yake zimo sauti nyingine nyembamba zaidi, za mitetemo 200, 300, 400 na kuendelea. Ngazi ya Wagogo imejengwa juu ya sauti hizo za asili, kuanzia ya 4 hadi ya 9. Kwa mfano wetu, hizo ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900, na ile ya 800 ni ile ile ya 400 inayojirudia juu. Sasa panga kinanda kianzie 400. Noti yake ya pili itatoka karibu 504 badala ya 500, na hiyo wengi hawataisikia. Ya tatu itakuwa karibu sawa na 600. Ya nne ndiyo yenye mgogoro: mahali pa 700, kinanda kinatoa takriban 713. Kinanda hakijaharibika, kimegawa ngazi yake katika hatua 12 zinazolingana, na katika mgawanyo huo 700 haina nafasi. Kwa hiyo mwanafunzi anayejifunza zeze kwa kufuata kinanda anajifunza kitu kingine chenye jina la zeze.

Tangu siku hiyo kanuni ya kwanza kwenye mwongozo wetu wa uhariri ni kwamba somo halipitishwi kwa kusomwa. Husikilizwa kwanza maandishi yakiwa yamefungwa, kisha husomwa sauti ikiwa inacheza. Na kama ni muziki wa jamii fulani, msikilizaji wa mwisho ni mtu anayeupiga. Mhariri mwenye shahada, nikiwemo mimi, anakaa pembeni.

Majina ya ala nayo yanasumbua kuliko watu wanavyodhani. Ukiandika "marimba" pasipo maelezo, msomaji mmoja ataona mbao zilizopangwa zikigongwa kwa vijiti, na mwingine ataona kisanduku chenye ulimi wa vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba. Wote wako sahihi, Kiswahili kinavitumia vyote viwili. Ndiyo maana ya vidole gumba, inapokuwa ya Wagogo, tunaiita ilimba kama wanavyoiita wenyewe, na mara ya kwanza inapotajwa tunaieleza kwa sentensi moja. Hatuiiti "kinanda cha Kiafrika". Mtu akiandika hivyo namrudishia rasimu bila hata kusoma ukurasa wa pili, na nakiri hiyo ni hasira yangu binafsi kuliko kanuni.

Ilimba ilituletea kosa lingine, la kitaalamu. Kwenye tundu la kisanduku chake hubandikwa utando wa buibui, ili sauti itoke na mvumo wa kukereza, kama nyuki aliyenaswa ndani ya debe. Fundi wetu wa sauti, kijana hodari, alipokea rekodi hiyo akaipitisha kwenye programu ya kuondoa kelele. Ikatoka nyororo, ikatoka tupu. Alikuwa amefuta kile ambacho mtengenezaji alikitafuta kwa makusudi kwenye pembe za nyumba yake. Sasa kila rekodi huja na kikaratasi kinachosema ni sauti zipi ni za ala na zipi ni za bodaboda iliyopita nje.

Upande wa kwaya matatizo ni ya kuandika. Kwaya nyingi za mkoa huu husoma do re mi za herufi (d, r, m), na do yao huhama: mwalimu akisema do ni G, wote wanahamia hapo. Katika vitabu vilivyofuata mtindo wa Ufaransa, do ni noti ile ile daima, na ile ya saba huitwa si badala ya ti. Somo likichanganya mifumo hiyo miwili, mwanafunzi anapotea asijue kilichompoteza. Sisi tumechagua do inayohama, na ti. Wengine wanaweza kuchagua vinginevyo, mradi wasibadili katikati ya safari.

Halafu kuna vile vialama vidogo. Kistari cha juu pembeni ya d kinasema do ya juu. Kikidondoka wakati wa kunakili, sauti ya kwanza nzima inaanguka na kulala kwenye besi. Nukta pacha zinazotenganisha mapigo nazo, simu nyingine zikiziona zimefuatwa na herufi d huzigeuza kuwa kikatuni kinachocheka. Tuliwahi kupokea wimbo wa maombolezo wenye vicheko sita. Tangu hapo noti za herufi tunaziweka kama picha, na chini yake tunaandika maneno ya wimbo kwa ajili ya anayetafuta.

Kuhusu uzito wa faili, dakika moja ya sauti ambayo haijabanwa, ya ubora wa CD, hula takriban megabaiti 10. Ikibanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, inashuka hadi kama megabaiti 1. Mwanafunzi anayenunua bando la siku anahitaji hiyo ndogo. Ile kubwa tunaihifadhi, maana iliyobanwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa.

Neno ninalolikagua kwa makini zaidi ni "wimbo wa asili". Waandishi wengi hulitumia kumaanisha wimbo usio na mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu yake inayolinda sanaa za jadi, na hata pasipo sheria, kuna mtu aliyeimba mbele ya kinasa sauti. Tunaandika nani ameimba, kijiji gani, mwaka gani, na kama amekubali iwekwe wazi kwa kila mtu. Nyimbo za makumbi, yaani za jando, tunazieleza bila kuziweka, mpaka wazee wenyewe waseme ipi inafaa kusikilizwa na nani. Wapo waandishi wanaolalamika kwamba tunaficha maarifa. Nawaambia hata kwenye harusi si kila mgeni huingia chumbani.

Watu mashuhuri nao huandikwa kwa mazoea. Mwanamuziki marehemu Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki 2003, aliishi na kufundisha Bagamoyo, basi rasimu humfanya mtu wa Pwani. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, na ngazi aliyoimbia duniani kote ndiyo hiyo hiyo ya 4 hadi 9.

Tukikosea tunasahihisha hadharani, chini ya somo, kwa tarehe na maelezo ya kilichobadilika. Somo la zeze lina maelezo hayo hadi leo: sauti ya kinanda imeondolewa, imewekwa ya zeze. Mpigaji ni yule mzee wa Chamwino. Tulipomuuliza jina lake tuliandikeje, alifikiri kidogo, akasema tutangulize la baba yake, kwa kuwa zeze lilikuwa la baba.