Si mnara wa simu, si mvua: dhana potofu za kurusha intaneti mbali, Mtwara na Lindi

"Fundi, hawa wa mnara wa simu wametuvuruga tena."

Simu ya namna hii naipokea karibu kila mwezi. Nikifika, mara nyingi nakuta redio mbili, yaani vifaa vya kurusha na kupokea intaneti kwa mawimbi, zimefungwa kwenye bomba moja, nusu mita kati yake, zote ziko chaneli moja, zinapigiana kelele mchana kutwa. Mnara unaolaumiwa uko mtaa wa tatu na masafa yake ni mengine kabisa: simu zinatumia megahezi 900, 1800, 2100 na kadhalika, dishi la mteja liko gigahezi 5. Ni kumlaumu jirani anayechemsha maharage kwamba ndiye aliyeunguza samaki wako.

Kazi yangu ni kurusha intaneti kutoka palipo na faiba kwenda pasipo nayo: shule, zahanati, maghala ya korosho, ofisi za vyama vya msingi. Huku kwetu kuna mengi tunaambizana kuhusu mawimbi, na mengine niliyaamini mwenyewe mpaka yaliponitia hasara.

"Waifai haivuki uwanja wa mpira"

Isiyovuka ni ya ruta ya sebuleni, inayomwaga mawimbi kila upande. Teknolojia ileile ikifungwa kwenye dishi ni habari nyingine. Mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha milima miwili ya Venezuela, kilomita 382 kati yake, kwa redio za waifai, na data ikapita kama megabiti 3 kwa sekunde kila upande.

Programu ya redio zile ilibidi wairekebishe, na hapo pana somo la bure. Redio ikituma pakiti, yaani kifurushi cha data, hungoja jibu la "nimepata" kwa muda mfupi mno. Mawimbi yanachukua maikrosekunde 3.3 hivi kwa kila kilomita, kwa hiyo redio isiyoambiwa umbali inadhani pakiti imepotea, inaituma upya, na upya tena. Nimeshaikuta linki, yaani njia ya mawimbi kati ya redio mbili, ya kilomita 14 inatambaa kama konokono, mwenye nayo ana hakika ni mwingiliano wa mawimbi ya wengine, kumbe sehemu ya kuandika umbali imeachwa kama ilivyotoka dukani. Dakika mbili tu. Nilichukua nauli.

"Ongeza nguvu, itapasua tu"

Umesimama kwenye ngoma ya unyago, spika liko mgongoni kwako, na shangazi anakuita kutoka ng'ambo ya uwanja. Apaze sauti atakavyo, humsikii, kwa sababu kelele iko kwenye sikio lako na si kwenye koo lake. Unafanyaje? Unajitenga na spika, unamgeukia, unakinga kiganja sikioni.

Mwingiliano unamuumiza anayepokea. Redio ya Lindi ukiiongezea nguvu, anayefaidi ni wa upande wa pili. Masikio ya Lindi yanabaki na kelele zake zilezile. Halafu jirani akiona linki yake imedhoofika na yeye anaongeza, kisha wa tatu. Nimeona mtaa mzima umefika huko, kila redio imefunguliwa hadi mwisho na hakuna anayesikilizana na mwenzake.

Na wala nguvu nyingi haihitajiki. Redio ya miliwati 100, sehemu ya kumi ya wati, ikiwa na dishi la sentimita 60 kila upande, kwa kilomita 10 katika gigahezi 5.8 inafika na kipimo cha -52 hivi kwenye hesabu (ni desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi: namba ikikaribia sifuri, sauti ni kubwa zaidi). Toa waya na ulengaji wa mkono, iwe -55. Redio nyingi zinachapa kazi vizuri hata kwenye -65. Sasa hizo wati za ziada unazitafutia nini?

Kiganja cha sikioni ni dishi. La ukubwa huo lina mwale wa digrii 6 hivi, yaani umbali wa kilomita 10 linaangaza eneo la upana wa kilomita 1 tu. Kelele inayotoka ubavuni inaingia kwa unyonge. Ukibadili dogo kwa kubwa umeongeza sauti na umejiziba masikio kwa wasiokuhusu, kwa mkupuo mmoja. Anayeongeza wati amepata nusu ya dawa, tena nusu yenye kikomo kinachowekwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

"Vijiti vimejaa, linki ni nzima"

Vijiti vinapima ukubwa wa sauti, havipimi kama maneno yanasikika. Linki yenye -55 penye kelele ya -70 ina nafasi ya desibeli 15. Yenye -68 penye kelele ya -95 ina 27, na hiyo ya pili ndiyo itakayokupa spidi, ingawa vijiti vyake vinatia huruma. Angalia namba zote mbili. Mteja akikutumia picha ya vijiti, mshukuru, kisha uombe namba.

"Dishi naliona kwa macho, basi linafika"

Mawimbi hayapiti kama uzi. Njia yake imekaa kama muhogo: nyembamba kwenye ncha, nene katikati. Wenye fani huliita eneo hilo kanda ya Fresnel. Kwa linki ya kilomita 10 katika gigahezi 5.8, tumbo la muhogo lina nusu-kipenyo cha mita 11 na kidogo, na inatakiwa angalau asilimia 60 yake, kama mita 7, iwe wazi chini ya mstari wa macho. Katika gigahezi 2.4 muhogo unanenepa hadi karibu mita 18. Juu ya hapo weka mgongo wa dunia: mita 1.5 katikati ya kilomita 10, lakini karibu mita 6 ukifika kilomita 20.

Kizuizi kikali kikigusa tu ule mstari, hata kama bado unaliona dishi la pili kwa darubini, umepoteza desibeli 6, yaani robo tatu ya nguvu iliyofika. Na vizuizi vya kwetu havitulii. Mnazi wa mita 20 upepo wa kusi ukiukamata, namba zinapanda na kushuka kama pumzi ya mgonjwa. Mwembe unakua. Nimewahi kuitwa kwenye linki iliyofanya kazi miaka minne bila kuguswa, mwenye nayo akiapa kuna mtu kamfungia mtambo wa kumharibia. Mtambo wenyewe ulikuwa na maembe.

"Bahari haina uhusiano na mtandao"

Hili ndilo lililoniadhibu. Ofisi moja ya Mtwara mjini ilitaka kuunganishwa na ghala lake upande wa Mikindani. Katikati ni ghuba: hakuna mti, hakuna nyumba, maji matupu. Nikajua nimeokota. Tukafunga asubuhi, mchana tukala pilau.

Wiki iliyofuata, saa nne na robo asubuhi, linki ikafa kwa nusu saa. Kesho yake ikafa saa tano na dakika tano. Keshokutwa saa sita kasoro dakika tano. Nikabadili chaneli, nikabadili redio, nikamtuhumu jirani mwenye kamera za ulinzi mpaka tukanuniana. Kisha ikapona yenyewe siku kadhaa, nikajisifu. Wiki iliyofuata ikarudi palepale.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja muuza pweza, amekaa kivulini chini ya ukuta, mimi niko juu ya ngazi nalaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hicho kidude chako kinakufa saa ngapi?"

Nikamtajia zile saa tatu. Akacheka.

"Hizo si saa za umeme. Hizo saa za pweza. Maji ya bamvua yakipwa, ndiyo tuko mwambani."

Nilishuka ngazi. Bamvua ni zile siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Maji ya pwani hii yanachelewa kama dakika 50 kila siku, na kwangu zile saa zilikuwa zimechelewa dakika 50, mara mbili mfululizo. Bahari iliyotulia ni kioo kwa mawimbi ya redio. Dishi la pili linapokea wimbi lililokuja moja kwa moja, pamoja na pacha wake aliyegonga maji kwanza. Wakifika wameongozana wanasaidiana. Wakipishana kwa nusu wimbi wanauana, na redio inaachwa na kimya.

Piga hesabu: kilomita 10, madishi yote mita 20 juu ya maji yaliyojaa. Maji yakishuka mita 3, tofauti ya urefu wa njia za hao mapacha inabadilika kwa sentimita 2 na nusu hivi. Wimbi zima la gigahezi 5.8 lina sentimita 5 na kidogo. Nusu wimbi, basi. Siku za maji mafu, kati ya bamvua moja na nyingine, bahari haishuki kiasi hicho, ndiyo maana nilipata muda wa kujisifu.

Kuinua pua ya dishi hakukusaidia. Pembe kati ya mapacha ni kama robo digrii na mwale una digrii 6. Wote wawili wanaingia mlangoni bila kuinama. Kilichosaidia ni dishi la pili upande wa ghala, mita 6 chini ya la kwanza, lenye redio yake na chaneli yake, na ruta ya kuchagua linalosikia vizuri. Moja likiwa shimoni, la pili liko kilimani. Kwa yeyote anayefikiria kuvuka maji kutoka Lindi mjini kwenda Kitunda: usipime linki siku moja ukaondoka. Iache ipite bamvua.

Jirani wa kamera nilimpelekea pweza.

"Mvua ikinyesha, lazima ikatike"

Katika gigahezi 5, mvua kubwa inakula desibeli chache tu kwa kilomita 10, na linki iliyofungwa vizuri ina akiba zaidi ya hapo. Kwenye redio za gigahezi 60 lalamiko ni la haki, maana huko hata hewa kavu inameza kama desibeli 15 kwa kila kilomita. Kwa hizi za kawaida, mvua za Desemba zikianza na linki ikafa, anza na konekta. Chumvi ya bahari imeila tangu kiangazi, maji yamepata mlango. Waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye redio, ili tone lidondoke lisitambae ndani, na konekta izungushiwe utepe wa mpira unaojigandisha. Utepe wa fundi umeme haumalizi mwaka kwenye jua la Mtwara.

"Juu zaidi ndiyo bora zaidi"

Simama Shimo la Mungu, Newala, uangalie bonde la Ruvuma mpaka ng'ambo. Unavyoona kote, ndivyo na kote wanavyokusikia, na ndivyo dishi lako litakavyosikia kila redio ya bondeni. Nimeshashusha dishi mita tano, nikalificha nyuma ya tangi la maji ili tangi lizibe upande wa kelele, na linki ikatulia. Panda hadi muhogo uwe wazi, halafu acha kupanda.

"Chaneli pana ndiyo spidi"

Chaneli ya megahezi 80 ni kokoro: linavua samaki, viatu na mifuko ya plastiki. Ukilinganisha na megahezi 20, umezoa kelele ya asili mara nne, mbali na majirani waliomo humo ndani. Kwa linki ndefu penye msongamano naanza na 20, wakati mwingine 10. Msongamano ukizidi nageuza pia mkao wa wimbi, kama jirani yuko wima mimi nalala, na hapo tu kelele yake inaweza kupungua desibeli 20.

Gigahezi 2.4 siku hizi siigusi kwa linki ndefu. Chaneli zisizopandiana ni tatu, 1, 6 na 11, na kila bodaboda ana hotspoti mfukoni. Wanaosema inafika mbali zaidi wanasahau kwamba dishi lileile linalenga kwa ukali zaidi katika gigahezi 5.8, pande zote mbili, hivyo mwisho wa hesabu 5.8 ndiyo inayoshinda. Angalizo moja: chaneli za kuanzia megahezi 5250 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 zinatumiwa pia na rada. Redio ikisikia rada inahama yenyewe, na kabla ya kurudi hewani inasikiliza kwanza dakika nzima au zaidi. Hiyo si hitilafu, usiipigie kofi.

"Masafa ya bure, nafanya nitakavyo"

Bure maana yake hulipii masafa kila mwaka. Vifaa bado vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA, na ukianza kuuza intaneti unahitaji leseni. Na kwa kuwa ni ya wote, huna pa kushtaki mtu akija kukaa chaneli yako.

Alikuja mmoja kwangu mwaka jana, kwenye paa la pili. Kabla ya kugusa kitu niliiacha redio isikilize masafa kwa saa 24, kwa sababu kelele ya saa mbili usiku si ya saa nne asubuhi. Kisha nikaenda kumtafuta. Tulikaa kwa muuza kahawa, nikamwonyesha kwenye simu chaneli zipi ziko wazi. Akachukua za chini, mimi za juu, yeye wima, mimi mlalo. Vikombe viwili na kashata, alilipa yeye.