Neno "since" katika Kiingereza: maana na matumizi yake

Kamusi itakwambia "since" ni "tangu", na ni kweli. Kinachotuangusha wengi ni kitenzi kinachokwenda nalo. Kwa Kiswahili mtu husema "Niko hapa tangu asubuhi" na kila mtu akaelewa, maana hadi sasa bado yupo. Ndipo inapotokea "I am here since morning", sentensi utakayoisikia maofisini na hata kwenye usaili wa kazi. Kiingereza sanifu hakiikubali. Jambo lililoanza zamani na likaendelea mpaka sasa hudai "have" au "has": "I have been here since morning." Vivyo hivyo, "Namfahamu tangu 2015" huwa "I have known him since 2015", kamwe si "I know him since 2015". Na kama unasimulia mambo yaliyokwisha pita, tumia "had": "They had been waiting since noon."

Baada ya "since" hutajwa pale jambo lilipoanzia: saa, siku, mwaka au tukio. Urefu wa muda ni kazi ya "for". Kwa hiyo "since two years" ni kosa. Sema "for two years". Au utaje mwanzo wenyewe: "since 2022".

Tukio nalo laweza kuwa sentensi kamili, na hapa inafaa kuwa makini. "Amebadilika tangu amalize shule" ni "She has changed since she finished school." Upande mmoja una "has", upande wa "since" una wakati uliopita wa kawaida. Wanafunzi wengi huweka "has" pande zote mbili kwa kudhani ndiyo usahihi zaidi, kumbe "finished" inatosha, kwani kumaliza shule kulitokea mara moja kukaisha. Kuna mahali pamoja ambapo "is" huruhusiwa: "It is three years since he left", yaani ni miaka mitatu tangu aondoke.

Neno hili pia husimama peke yake mwishoni, likiwa kielezi: "He left in 2010 and I have not seen him since." Maana yake ni tangu hapo.

Halafu kuna "since" ya sababu, yaani "kwa kuwa" au "maadamu": "Since you are here, help me." Hutumika pale msikilizaji anapoijua tayari sababu yenyewe. Ukiulizwa "Why are you late?" usijibu kwa "since", hapo ni "because" tu. Maana hii ilichipuka kutoka ile ya wakati. Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa "siþþan" (herufi þ husomwa "th"), yaani baada ya hapo, na kinachofuata jambo fulani ni rahisi kukiona kama kimesababishwa nalo.

Maana hizo mbili huweza kugongana. "Since she moved to Dodoma, he has been unhappy": mwanamume hana furaha tangu mwanamke alipohama, au kwa sababu mwanamke alihama? Sentensi haisemi. Kwenye barua ya kikazi, mkataba au ripoti, ukikusudia sababu andika "because", na "since" uiachie kazi ya wakati.