Ni majini, ni stresi ama ni ugonjwa? Maswali ya afya ya akili tunayoulizana hapa Nairobi

Swali: Depresheni si ni ugonjwa wa wazungu? Sisi huku tuna stresi tu.

Hapana. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2019 karibu mtu 1 kati ya 8 duniani alikuwa na shida ya akili, na wengi wao wako nchi za kipato kama chetu. Kinachobadilika ni vile watu wanaeleza. Mtu wa Kayole ama Kawangware akienda kliniki hasemi ana huzuni, atakwambia kichwa kinagonga, tumbo linachoma, moyo unaenda mbio, usingizi umepotea, basi anapimwa malaria anapimwa typhoid, hakuna kitu, anarudi nyumbani na dawa ya maumivu na hakuna mtu amemuuliza maisha yanaendaje. Stresi ya kodi hupungua kodi ikilipwa. Depresheni inakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, wiki 2 ama zaidi, hata chakula na mpira aliokuwa anapenda havimwambii kitu. Kwa wanaume mara nyingi inatoka kama hasira na pombe, ndio maana tunawagombeza badala ya kuwasaidia.

Swali: Nyanya kule ushago anasema kijana amerogwa. Nimkatalie?

Mimi ningesema usianze vita na nyanya. Waluo watataja chira (mkosi wa kuvunja mwiko), Wakikuyu walikuwa na thahu (unajisi wa kuvunja mila), Pwani ni majini, kanisani ni pepo, na zote zinajibu kitu ambacho daktari mara nyingi hakigusi, yaani kwa nini mimi na kwa nini sasa hivi. Daktari naye ataangalia kama kuna mtu kwa ukoo aliugua hivyo, kama kijana alianza bangi mapema, kama amefiwa, kama aliteswa utotoni, ama kama ni mama, amejifungua juzi. Maelezo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja. Kitu inaniuma ni kuchelewa, juu mtu mwenye skizofrenia (ule ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo) akizungushwa miaka kwa waganga na kwa mikesha bila matibabu ugonjwa unazidi kuwa mgumu kutibu, na wengine wanafungwa kamba huko nyuma ya nyumba. Kumfunga mtu kamba si matibabu. Huko Makueni watafiti walikaa na waganga wa kienyeji na viongozi wa dini, wakawafundisha kutambua depresheni na kuwatuma watu kliniki. Kwa hivyo nyanya mwambie tu, wacha tuombe na hospitali pia twende.

(Na kifafa jamani si pepo wala si wazimu. Ni umeme wa ubongo umevurugika, hakiambukizwi na mate, na wengi wakimeza dawa vizuri hawaanguki tena.)

Swali: Sasa daktari anajuaje huyu ni muumini tu na yule ni mgonjwa?

Kusikia sauti ya marehemu siku chache baada ya mazishi, ama kunena kwa lugha na wenzako Jumapili, huo si ugonjwa. Hata kile kitabu cha utambuzi cha madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, kinamwambia daktari aangalie mila na dini ya mtu kabla ya kuamua. Daktari mzuri atauliza watu wa kanisa lake wanaonaje, hata wao wanashangaa? Anaoga, anakula, analala? Zile sauti zinamtukana ama kumwamuru aumize mtu? Ndio maana ni vizuri mtu wa familia aende naye, aeleze kawaida yake ilikuwa gani.

Swali: Akionekana Mathari, ile hospitali ya akili, si jina litaharibika?

Ile aibu ni ya zamani sana. Hospitali yenyewe ilianzishwa na wakoloni mwaka 1910 kama mahali pa kufungia watu, na mpaka leo watoto wanatishiwa nayo. Lakini wagonjwa wengi wanaingia kliniki asubuhi, wanaonana na daktari, wanapanda matatu hapo Thika Road wanarudi kwao. Na si lazima uanzie huko, anza na hospitali ya karibu.

Swali: Mchungaji amemwambia atupe dawa aonyeshe imani.

Asitupe. Dawa za depresheni huchukua wiki kadhaa ndio zishike, kwa hivyo wiki ya kwanza usiseme hazifanyi kazi, na ukiziacha ghafla unaweza kuumwa vibaya ama ugonjwa urudi. Hazikugeuzi mraibu. Vidonge vya usingizi kama diazepam ndivyo vinazoeleka, hivyo usijinunulie.

Swali: Na kama hatuna pesa ya mshauri?

Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kufundisha akina nyanya wa mtaa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki, wanasikiliza, wanachagua shida moja wanaitatua pamoja. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliopitia benchi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Kusikilizwa vizuri ni tiba, tena hata jirani kwa ploti anaweza kuanza nayo, ila ugonjwa mkali bado unahitaji daktari.

Swali: Amesema afadhali afe. Nimuulize ama nitampa wazo?

Muulize wazi kama anafikiria kujiua, hutampa wazo, wengi hupata afueni kwa kuulizwa. Usimwache peke yake, ondoa dawa ya panya na vidonge hapo kwa nyumba, na kama hatari iko sasa hivi mpeleke emajensi. Watu waliogopa kusema juu sheria ilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu hapa Nairobi ilisema hicho kifungu, 226 cha sheria ya makosa ya jinai, kinakiuka Katiba. Msalaba Mwekundu wana namba ya bure ya ushauri, 1199, na wewe unayemtunza pia unaweza kupiga.