Mafunzo ya walimu kazini na zana za darasani: dhana tulizozoea na ukweli wake

Neno "mafunzo" likitajwa ofisini kwa walimu, maswali ya kwanza huwa mawili: ni wapi, na ni siku ngapi. Siwalaumu wenzangu. Ndivyo tulivyozoeshwa kwa miaka mingi. Barua inatoka halmashauri, mwalimu mmoja anateuliwa, anaondoka na begi lake na kurudi na daftari jipya pamoja na cheti. Wakati hayupo, wenzake wanagawana vipindi vyake. Akirudi anapewa dakika ishirini kwenye kikao atoe mrejesho, na mafunzo ya shule nzima yanaishia hapo.

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya msingi ya kijijini Tanzania, na jambo hili linanigusa kwa sababu nimewaona watoto wanaolipia makosa ya watu wazima. Dhana ninazozitaja hapa nimezisikia kwa walimu, kwa wazazi, kwa viongozi, na nyingine niliziamini mwenyewe.

Dhana: Mafunzo ya kweli ni ya semina. Yanayofanyika shuleni ni ya kubangaiza.

Dhana hii ina mizizi mirefu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, Tanzania iliamua kuwapeleka watoto wote shule ifikapo 1977, na walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakaingizwa madarasani kufundisha huku wenyewe wakisomea ualimu kazini, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Watu wakawakejeli: UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote, wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Kejeli ile haikuisha na kizazi kile. Mpaka leo, ukimwambia mwalimu kwamba atajifunzia hapo hapo shuleni kwake, anahisi amepewa makombo na wenzake wa mjini wamepewa sahani.

Sasa tazama kilichopimwa Afrika Kusini, katika jimbo la North West. Watafiti walichagua kwa kura shule za msingi ambako watoto wanajifunza kusoma kwa Kitswana. Walimu wa kundi moja la shule 50 walikusanywa kwa semina mara mbili kwa mwaka. Walimu wa kundi jingine la shule 50 hawakuachwa na semina peke yake: mshauri aliwatembelea darasani mara kwa mara, akakaa, akatazama, akazungumza nao. Makundi yote mawili yalipewa maandalio ya somo yaleyale na vitabu vilevile. Baada ya miaka miwili, watoto wa shule zilizotembelewa walikuwa wamepiga hatua katika kusoma karibu mara mbili ya wale wa shule za semina. Kumtembelea mwalimu kuligharimu zaidi, lakini kila shilingi iliyotumika ilizaa zaidi.

Kwa nini iwe hivyo? Nitoe mfano wa darasa la kwanza. Tangu mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) wa 2015, mtoto anajifunza kusoma kwa kuanzia na sauti za herufi, kisha anaziunganisha. Mwalimu amefundishwa hivyo semina, ameelewa, anaweza hata kumweleza mwingine. Anaingia darasani, anaandika *b* ubaoni na kuitamka "bu". Mtoto anatii: "bu" na "a" ni "bua". Mwalimu anamsahihisha, mtoto anarudia "bua", na wiki inapita hivyo. Mwalimu huyu hana uvivu wala upungufu wa elimu. Hasikii irabu aliyoibandika mwenyewe kwenye sauti ya herufi, kwa sababu hakuna anayejisikia anapofundisha. Anayeweza kuisikia ni mwenzake aliyekaa dawati la nyuma. Mwezeshaji wa semina, hata awe hodari vipi, hayuko pale siku "bua" inapozaliwa.

Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, maarufu kama MEWAKA, umejengwa juu ya hoja hiyo. Walimu wa shule moja wanaunda Jumuiya ya Kujifunza, wanachagua tatizo lao, wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha wengine wakitazama, kisha wanakaa kuzungumza. Moduli zinatoka Taasisi ya Elimu Tanzania, na juu ya shule kuna kituo cha walimu katika kata. Ninaupenda mpango huu, na kwa sababu ninaupenda nasema wazi mahali unapoharibika: pale Jumuiya inapogeuzwa kikao kingine cha kusaini mahudhurio na kusomeana moduli kurasa kwa kurasa. Jumuiya isiyotazama somo hata moja la mtu halisi, lenye watoto halisi, imerudi kuwa semina, tena semina bila chai.

Dhana: Vifaa vikifika, matokeo yatapanda.

Ningependa iwe kweli. Ingerahisisha maisha ya kila mtu, kuanzia mzazi mpaka waziri.

Magharibi mwa Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti walipeleka shuleni chati kubwa za kufunua, zenye michoro ya sayansi, hisabati, afya na jiografia. Shule zilikuwa 178, nusu zikapewa na nusu hazikupewa. Ukilinganisha tu shule ambazo tayari zilikuwa na chati na zile zisizokuwa nazo, ungeona wenye chati wanafaulu zaidi, na ungeandika ripoti nzuri ya kuomba fedha. Lakini chati zilipogawiwa kwa utaratibu wa haki, bila kuangalia shule ipi imejipanga, tofauti ya alama haikuonekana. Shule yenye chati ukutani kwa jitihada zake huwa na mambo mengine pia: mwalimu mkuu anayefuatilia, wazazi wanaochangia, walimu wanaokaa. Chati ilikuwa inasifiwa kwa kazi isiyoifanya.

Vitabu navyo? Katika wilaya ya Busia, eneo hilohilo, shule zilipewa vitabu vya kiada na wastani wa alama haukusogea. Walionufaika ni wanafunzi ambao tayari walikuwa mbele. Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyefundisha Afrika Mashariki: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa watoto wengi wa kule Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alipewa mlango, hakupewa ufunguo.

Ushahidi wa hapa kwetu ni wa KiuFunza, jaribio lililofanyika 2013 na 2014 katika shule 350 za msingi kwenye wilaya 10 za Tanzania. Shule za kundi moja zilipata ruzuku ya ziada ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Zilinunua vitabu, chaki, daftari, kila mtu akaona. Miaka miwili baadaye watoto wao hawakuwa wamewazidi wenzao katika kusoma, kuandika wala kuhesabu. Kundi jingine halikupata ruzuku. Walimu wake waliahidiwa bahashishi kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio, na matokeo yakawa ya kusuasua. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na hapo ndipo watoto walipopanda waziwazi.

Nimewahi kusikia matokeo haya yakitumiwa kusema kwamba walimu ni wavivu mpaka waonjeshwe fedha. Mimi siyasomi hivyo. Ninachokiona ni kwamba vitabu na juhudi ya mwalimu vinategemeana kama jembe na mkono, na ukitoa kimoja umenyima vyote. Nisieleweke vibaya pia kwa upande wa pili: mwalimu mwenye watoto mia kwenye chumba kimoja na vitabu sita anaonewa, na hakuna utafiti unaohalalisha hilo.

Dhana: Kiongozi cha mwalimu chenye maelezo ya kina kinamfunga mwalimu.

Hii husemwa zaidi na walimu wazuri, kwa hiyo naiheshimu. Kenya waliijaribu katika mradi wa PRIMR, uliotangulia Tusome, mpango wa kitaifa wa kusoma ulioanza 2015. Shule za kwanza zilipata mafunzo na ufuatiliaji wa darasani. Za pili zikaongezewa vitabu, kila mtoto na chake. Za tatu zikapata hayo yote pamoja na mwongozo wa mwalimu ulioeleza somo hatua kwa hatua. Kundi la tatu ndilo lililofanya vizuri zaidi, na ndilo lililotoa faida kubwa kuliko yote kwa fedha iliyotumika.

Lakini walimu wazuri wana haki katika sehemu moja. Miongozo ya nchi kadhaa ilipolinganishwa, ile inayomwandikia mwalimu kila neno la kusema ilionekana dhaifu kuliko ile iliyorahisishwa ikaacha nafasi. Walimu nao hawakuwa kasuku: waliongeza, waliruka, walibadili mifano. Mwongozo mzuri unamwondolea mwalimu kazi ya usiku wa manane ya kuandaa masomo sita, ili asubuhi akili yake iwe kwa mtoto.

Dhana: Zana bora ni ya kununua, na bora kupita zote ni ya kidijitali.

Mwaka 1998 Kenya na Japan walianza mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari, ukianzia wilaya tisa. Walimu walihimizwa kulijenga somo juu ya kazi za vitendo, juu ya mwanafunzi mwenyewe, juu ya majaribio, na juu ya kubuni vifaa kutokana na vilivyo karibu. Hilo la mwisho ndilo lililokumbukwa zaidi, wakati mwingine vibaya, kana kwamba kubuni ni dawa ya umaskini wa shule. Maana yake ni pana kuliko hapo.

Chukua vijiti. Kumi kumi, funga kwa kamba. Mwambie mtoto atoe 18 kwenye 34: ana mafungu matatu na vijiti vinne. Anahitaji nane na hazitoshi. Anafungua fungu moja. Mikono yake imeelewa kile ambacho "kukopa" kwa ubaoni hukiacha kama uchawi. Fungu la vijiti linaushinda mchoro wa rangi uliopo kwenye kishikwambi kwa sababu linafunguka. Zana hupimwa kwa swali hilo: mtoto anafanya nayo nini ambacho bila hiyo asingekielewa? Nimeingia madarasa yaliyopambwa manila kila ukuta, kazi nzuri ya mikono, na vumbi lake likanieleza kwamba hakuna mtoto aliyezigusa tangu wageni walipoondoka.

Kidijitali kina nafasi yake. Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania inamwezesha mwalimu kupata vitabu vya kiada kwenye simu, na kwa shule ambayo nakala hazijafika huo ni msaada mkubwa. Ila bando ni la mwalimu, betri ni ya mwalimu, na kioo kimoja hakisomwi na watoto themanini. Ni zana ya kuandalia somo.

Dhana: Mwenye miaka ishirini kazini hana la kujifunza.

Januari 2024 mtaala mpya ulianza na elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu, katika mfumo ambao elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita. Siku ile mwalimu wa miaka ishirini na wa miezi miwili walifungua kitabu kimoja kwa mara ya kwanza. Mzoefu anawajua watoto, na hiyo ni hazina, mtaala hakuujua.

Dhana: Anayekaa nyuma ya darasa anatafuta makosa.

Jina la mkaguzi limebadilika kuwa mthibiti ubora, hofu imebaki palepale. Mwalimu akiona mtu na kalamu nyuma ya darasa, anaita wale watoto watatu wanaojua majibu. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni ndogo: kabla ya somo, anayefundisha ndiye anayechagua kitu kimoja cha kutazamwa. "Nihesabie watoto wangapi wa upande wa dirishani nimewauliza." Akishahesabiwa, hahitaji kuambiwa zaidi.

Dhana: Mwalimu anayeuliza nauli hapendi kujifunza.

Mwaka 2021 Kenya ilitangaza mpango wa mafunzo ya lazima kwa walimu: moduli sita, kila moja ya hadi miaka mitano, na mwalimu alipie shilingi 6,000 za Kenya kwa mwaka. Walimu wengi waliupinga, na wapo waliosema walimu wanakwepa shule. Aliyesema hivyo hajaishi kwa mshahara wa mwalimu mwenye watoto sekondari. Mtu anaweza kuitamani elimu na papo hapo akajua kwamba mwajiri ndiye anayepaswa kumwongezea ujuzi anaoutumia kwa kazi ya mwajiri.

Mafunzo ya shuleni yanaondoa nauli, ila yanahitaji muda, na muda nao ni gharama. Kwetu tuliupata siku ya Alhamisi, kwa kuwa darasa la kwanza na la pili hutoka mapema. Mwalimu mkuu alikubali tusipangiwe kazi nyingine saa hiyo, na bila ruhusa ile tusingefika wiki ya pili. Tulikuwa wanne, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa mbao. Alhamisi ya kwanza yote tuliimaliza kwa sauti ya *b*.